Binti yangu anaimba mlangoni kabla ya darasa la hula: ni ibada, ni ngoma, au ni nini?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, kwa sasa naishi Las Vegas na mume wangu na watoto wawili. Binti yetu ana miaka tisa. Rafiki yake wa shuleni ni Mhawaii, akamvuta kwenye darasa la Jumamosi asubuhi la hula, mchezo wa jadi wa Hawaii. Mwanzoni nilifurahi, nikasema bora hivyo kuliko kushinda kwenye simu. Wiki iliyopita nikamkuta bafuni anaimba 'E hō mai ka ʻike' kwa sauti nzito ambayo sikujua anayo. Nilipomuuliza akaniambia kila siku ya darasa husimama nje ya mlango na wenzake, wanaimba mpaka mwalimu awaitikie kutoka ndani, ndipo waingie. Dada mmoja wa kanisani amenisihi nimtoe, anasema hula ni ibada ya mungu wa kike wa volkano. Shemeji yangu anacheka, anasema ni ngoma ya watalii tu, sketi za nyasi na kukata viuno. Nimejaribu kusoma mwenyewe nikazidi kuvurugwa: huku wanasema hula ilianzishwa na Pele, huku Laka, huku Hiʻiaka. Nani mkweli? Na mtoto nimtoe au nimwache?"

Marahaba, mama. Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa kwenye pindo moja la kanga. La kwanza ni la imani: je, mwanangu anaingizwa kwenye dini ya watu bila mimi kujua? La pili umelipitishia mdomoni mwa shemeji, ila nadhani linakukera vilevile: je, namlipia ada mtoto wa miaka tisa akafundishwe kukata kiuno? Nitayagusa yote, lakini nianzie mlangoni, maana ndipo uliposhtukia.

Wewe ni mtu wa Tanga. Umelelewa ukijua kwamba nyumba ya mtu haiingiwi bila hodi, na kwamba ukipiga hodi tatu hujaitikiwa, unageuza njia. Wimbo wa mlangoni ni hodi hiyohiyo, ila imeimbwa. Wahawaii wanaiita mele kāhea, na jibu la kutoka ndani wanaliita mele komo, yaani karibu. Mwalimu hasikilizi maneno peke yake, anasikiliza kama waliopo nje wamekuja kweli au wamekuja viwiliwili. Sauti zikilegea ananyamaza, na watoto wanaanza upya. Mimi siku yangu ya kwanza ya kwenda kujifunza, mtu mzima na shahada zangu, nilipita moja kwa moja kutafuta pa kuweka mkoba. Mwalimu hakusema neno. Alininyooshea kidole mlangoni, nikarudi nje, nikasimama pekupeku kwenye zege lililochomwa na jua mpaka nikaimba ikaeleweka.

Hayo maneno ya bafuni ni kitu kingine kidogo. Ukitaka kuyaona yameandikwa, pekua chenji zako utafute sarafu ya senti 25 ya mwaka 2023 yenye sura ya mwanamke ambaye nywele zake zinageuka kuwa milima. Ni Edith Kanakaʻole wa mji wa Hilo, Hawaii (1913–1979), mwalimu wa hula aliyeyatunga, na serikali ya Marekani imeyachonga kwenye sarafu hiyo. Yanaomba maarifa yashuke kutoka juu, hasa hekima iliyofichwa ndani ya nyimbo. Ni ombi, sitakuficha. Lakini wimbo hautaji jina la anayeombwa. Wenye kushika mila watakwambia ni wahenga na miungu yao, na Mhawaii Mkristo anaweza kuuimba huku moyo wake ukiwa kwa Mungu wa kanisani kwake. Kwa hiyo yule anayekuambia hula "ni" ibada na yule anayekuambia "si" ibada, wote wamekimbilia jibu kabla ya kuuliza ni hula ipi, ya mwalimu gani.

Hula ni maneno kwanza. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote mengine nitakayoyasema. Kuna utungo, unaitwa mele. Mele ikiimbwa bila kuchezwa inabaki mele kamili. Mchezo ukichezwa bila mele si hula, ni viungo vinavyotikisika. Mikono ya mwanao haipambi wimbo, inautamka: vidole vikishuka vikitetemeka ni mvua, kiganja kikizunguka juu ya kichwa ni upepo, vidole vikikusanywa kisha vikafunguka ni ua. Macho yanafuata mkono, kwa sababu msemaji haangalii pembeni anaposema. Miguu inashika mapigo chini, magoti yamekunjwa. Mpiga kibuyu cha ipu anakigonga chini, kisha anakipiga ubavuni kwa vidole. Na kama ilivyo kwa taarabu na maandishi ya kanga, maneno yana sura ya nje na sura ya ndani. Wenyewe wanaita kaona, sisi tunaita mafumbo. Mvua inayolowesha msitu inaweza kuwa mvua, na inaweza kuwa mpenzi aliyefika usiku.

Sasa shemeji. Alichokiona kipo, ila kimechanganywa kama pilau la mabaki. Zile sketi za nyasi kavu si za Kihawaii kwa asili. Zililetwa na vibarua kutoka visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni sehemu ya Kiribati, katika karne ya 19. Wachezaji wa zamani walivaa pāʻū, kitambaa cha gome la mti, ndugu wa lile gome la Buganda. Vifuu vya nazi kifuani ni mavazi ya maonyesho. Na kule kutikisa nyonga kwa kasi ambako nadhani ndiko anakokucheka, kukiambatana na ngoma za mbio, mara nyingi ni ʻōteʻa ya Tahiti, ambayo ni sanaa yenye heshima yake lakini si hula. Hoteli huviweka vyote kwenye jukwaa moja usiku mmoja, mtalii anaondoka na jina moja. Waikīkī kulikuwa na onyesho la kampuni ya filamu za kamera lililoanza 1937 likaendelea hadi 2002, wachezaji wakipangwa ili wageni wapige picha mwanga ukiwa mzuri. Watu wazima wengi duniani wanaijua hula kupitia picha za namna hiyo.

Kiuno kinafanya kazi, ndiyo. Kuna hatua iitwayo ʻami, ambayo ni kuzungusha nyonga. Zipo pia mele maʻi, nyimbo za kusifu viungo vya uzazi vya mtawala ili ukoo usikatike, na Malkia Liliʻuokalani, mwanamke wa kanisa, alikuwa na wake. Kwa mtu aliyetoka pwani yetu, penye unyago na nyimbo zake, hili halihitaji maelezo marefu: watu wazima wana lugha yao ya kusema jambo hilo kwa heshima na kicheko, nalo lina mahali pake. Watoto wa miaka tisa huanzia kwenye kāholo, hatua nne kwenda pembeni na kurudi, na nyimbo za maua, mvua na majina ya mahali.

Nije kwenye Pele, yule mungu wa kike wa volkano, pamoja na Laka na Hiʻiaka, ambako umechanganyikiwa kwa sababu nzuri. Ulikuwa unatafuta mwanzilishi mmoja, na hayupo. Kila ukoo wa hula umebeba hadithi ya ardhi yake. Ukienda Molokaʻi utaambiwa hula ilizaliwa Kāʻana, na Laka, mungu wa kike wa hula, ndiye aliyeitoa huko akaisambaza visiwa vingine. Ukienda Puna, kwenye Kisiwa Kikubwa (kile chenyewe kiitwacho Hawaii), utaambiwa hadithi ya Hiʻiaka, mdogo wake Pele. Wengine wanamtaja Kapo, dada mwingine wa Pele, wakimhusisha kwa karibu na Laka. Hakuna mahakama ya kuamua, na wenyewe hawaoni kwamba inahitajika. Wana msemo kwamba maarifa yote hayamo kwenye shule moja.

Ya Hiʻiaka nikusimulie, maana ndiyo inayobeba nyimbo nyingi zaidi. Pele alitoka Kahiki, nchi ya mbali, kwa mtumbwi na ndugu zake, mdogo wao Hiʻiaka akiwa bado yai, amembeba kwapani asipoe. Alifukuzwa na dada yao mkubwa, Nāmakaokahaʻi, ambaye nguvu zake ni za bahari. Kila kisiwa Pele alichofika, kuanzia Kauaʻi, alichimba shimo la moto, na maji yakaingia yakalizima. Akasogea kisiwa hadi kisiwa kuelekea kusini mashariki, mpaka Kīlauea, volkano ya Kisiwa Kikubwa, ambako moto wake ulishika na unashika mpaka leo.

Kule Puna, Hiʻiaka akakua, akapata rafiki, Hōpoe, aliyekuwa akicheza ufukweni na kumfundisha. Hapo ndipo hula ya mapokeo hayo ilipo: msichana anafundishwa na rafiki yake, karibu na miti ya lehua yenye maua mekundu. (Ukiniuliza mimi, kwa historia ya mwanao hiyo ndiyo hadithi yenyewe.) Pele akaota ndoto, roho yake ikafuata mlio wa ngoma mpaka Hāʻena ya Kauaʻi, akampenda kijana Lohiʻau. Akamtuma Hiʻiaka amlete, kwa siku 40, asimguse. Hiʻiaka akaomba kitu kimoja tu: nikiwa safarini usiiguse miti yangu wala Hōpoe. Safari ikawa ndefu, yenye mazimwi na majitu, na alipofika amekuta Lohiʻau amekufa, ikabidi kwanza amrudishie uhai. Siku zikapita. Pele akashikwa na wivu, akamwaga moto, miti ikateketea, na Hōpoe akageuka jiwe. Hiʻiaka aliuona moshi kutoka mbali. Aliporudi, alisimama ukingoni mwa shimo mbele ya macho ya dada yake na kumkumbatia yule kijana ambaye safari nzima hakumgusa.

Ile hodi ya mlangoni inayoimbwa na shule nyingi imetoka ndani ya safari hiyohiyo. Hiʻiaka alifika mto Wailua, Kauaʻi, akakuta ubao wa kuvukia umeondolewa ili asipite, akaimba kuomba njia. Muulize mwanao kama wimbo wao wa mlangoni unaanza na neno "Kūnihi". Ukiwa ndio huo, basi kila Jumamosi anasimama pale Hiʻiaka aliposimama.

Ile safari ya Pele ya kisiwa hadi kisiwa ina akili ambayo wengi hawaioni. Kauaʻi ina umri wa miaka milioni tano hivi, na Kisiwa Kikubwa hakijafika milioni moja. Volkano kweli zimehama kuelekea kusini mashariki, kwa mpangilio uleule wa safari ya Pele. Ukitembea kwenye lava mpya, mti unaotangulia kuota kwenye nyufa ni ʻōhiʻa, wenye ua la lehua. Dada mmoja anaunguza, mwingine anaotesha. Walimu wa Hilo husoma nyimbo hizi kama daftari la ardhi, na mwaka 2018 lava iliposhuka Puna na kumeza nyumba zaidi ya 700, wapo waliosimama barabarani na kumwimbia Pele kama mtu unayemfahamu ambaye leo amekasirika.

Na mizizi inazidi Hawaii. Unajua jinsi mtu wa Pwani anavyosema mtu, Mganda akasema omuntu, Mshona akasema munhu, na kwa mabadiliko hayo ya sauti tukajua tulitoka nyumba moja? Lugha za Polinesia ziko hivyo. T ya Tahiti huwa k kwa Mhawaii, r huwa l: kwa hiyo Kahiki ni Tahiti, ingawa maana yake imepanuka kuwa nchi yoyote ya mbali, na tapu, yaani mwiko, imekuwa kapu. Jina la Laka kule kwingine ni Rata, na huyo ni mwanamume, shujaa aliyekata mti wa mtumbwi bila ruhusa, kesho yake akaukuta umesimama tena kwa sababu viumbe vya msituni vimeurudisha. Kwa Wahawaii Laka huyo yupo katika nasaba za kale, na Laka wa hula, mwanamke, naye ni wa msituni. Hata neno la zamani la kucheza kwa Kihawaii, haʻa, ni ndugu wa damu wa haka ya Wamaori. Ngoma kubwa ya pahu, iliyowambwa ngozi ya papa, inasimuliwa kuwa ililetwa na Laʻamaikahiki, mwana wa mtawala, kutoka Kahiki.

Basi dada yako wa kanisani ana ukweli wake, na siwezi kumpuuza. Shule ya hula ya zamani ilikuwa na kuahu, madhabahu ya majani mabichi: maile, lehua, majani ya mwituni. Katikati palikuwa na kipande cha mti wa lama kilichofunikwa kitambaa cha njano, na hicho kilikuwa Laka. Wanafunzi waliishi chini ya miiko ya chakula na mwili mpaka siku ya kuhitimu. Zipo shule leo zinazofuata hayo kwa ukamilifu, na ukiwa Mkristo au Mwislamu unayechukulia amri kwa uzito, una haki ya kusema hapo sipo.

Alipokosea ni kudhani kila anayecheza amesimama mbele ya madhabahu hiyo. Wahawaii wenyewe waliuvunja mfumo wa miiko ya kifalme mwaka 1819, kabla wamisionari wa Boston hawajatia nanga 1820. Malkia Kaʻahumanu alipookoka akapiga marufuku hula hadharani mwaka 1830, ikahamia mashambani na uani. Mfalme Kalākaua, naye Mkristo, akairudisha mbele ya watu kwenye sherehe za kutawazwa kwake 1883, na waliochapa programu ya nyimbo wakashtakiwa kwa uchafu. Tangu hapo kuna hula za aina mbili zinazoishi pamoja: kahiko, ya kuimba kwa kibuyu na pahu, na ʻauana, ya ukulele na gitaa, ambayo husikii Pele ndani yake isipokuwa kwa nadra. Biblia ya Kihawaii ilikamilika 1839, na neno walilolichagua kwa Mungu ni Akua, lilelile walilomwitia Pele. Nasi neno "Mungu" tulikuwa nalo kabla ya msikiti na kabla ya kanisa.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa najua linalopita kichwani mwa mtu wa kwetu akisikia "ngoma na mizimu". Darasa la hula si ngoma ya pepo. Hakuna anayetegemewa apandishe. Mchezaji anadaiwa kinyume chake, awe macho na kila silabi, maana kukosea neno ndilo kosa kubwa.

Nimtoe au nimwache? Kwa uliyoniandikia, mimi ningemwacha, lakini baada ya kuonana na kumu hula wake, yaani mwalimu wake wa hula, ana kwa ana. Mimi nikiwa mbali siwezi kuona chumba kile. Muulize alisomea kwa nani, na mwalimu wake alisomea kwa nani. Kumu wa kweli atakutajia ukoo wake wa hula bila kusita, na anayekwepa swali hilo ningemkwepa. Muulize nyimbo za watoto zinasema nini, mstari kwa mstari. Muulize kama kuna kuahu, kama watoto hutoa chochote kwake, na kuhitimu kwao kunahusisha nini. Halafu mwambie imani yenu waziwazi. Las Vegas wanaiita kisiwa cha tisa kwa wingi wa Wahawaii waliohamia huko, na kumu wa mji huo hutakuwa mzazi wa kwanza kumwambia hivyo. Anaweza kukubali mtoto abaki kwenye ʻauana, au akae pembeni baadhi ya mambo yanapofanyika. Anaweza pia kusema kwake haligawanyiki. Akisema hivyo, mshukuru umtoe kwa kuaga. Usimfute mtoto kimyakimya kwa ujumbe wa simu, kwa mila yao ni kama kuondoka msibani bila kusalimia.

Baada ya hapo zungumza na mchungaji wako, ukiwa na majibu mkononi badala ya uvumi. Mume wako awepo. Na mwite binti akuimbie, akueleze kila mkono unasema nini. Kama anacheza asichokielewa, hilo nalo mpelekee kumu. Ikiwa analalamika magoti siku mbili tatu baada ya darasa, mpeleke kwa daktari wa watoto, kwa kuwa magoti yaliyokunjwa saa nzima ni kazi kwa mwili unaokua.

Kama ukipenda kuona kabla ya kuamua, kila mwaka kuanzia Jumapili ya Pasaka kuna tamasha la Merrie Monarch kule Hilo, ambalo mashindano yake ya hula yalianza 1971. Hurushwa moja kwa moja. Ijumaa usiku ni kahiko, Jumamosi ni ʻauana. Kaa na mwanao Ijumaa, tazameni wanaume pia wanavyocheza, shemeji akiwepo itakuwa vizuri zaidi.

Jumamosi hii fika mapema, uwe nje na watoto wanapoimba. Usiongee na kumu kabla ya darasa, ongea naye likiisha. Viatu unaviacha mlangoni.